i7 ya Mwaka Gani, Bwana?

Haya wasomaji wangu, leo nina hasira, mtaniwia radhi.

Juzi kijana jirani yangu hapa Mtongwe alivuka feri na akiba yake ya miezi minane, akaenda mjini kununua kompyuta ya gemu. Jioni karudi kaipakata kama mtoto mchanga. "Kaka, nimepata i7!" Nikaiwasha, nikasoma: Core i7-2600. Prosesa ya mwaka 2011! Gemu aliyoitaka ikagoma hata kufunguka.

Sasa nisikizeni. i7 ni jina la ukoo tu. Umri unausoma kwenye tarakimu zinazofuata kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 8700 cha nane, 12100 cha kumi na mbili. Muuzaji anayajua haya. Ndiyo maana kibandiko kinang'arishwa na tarakimu hazitajwi, na ukimwuliza "kizazi gani?" anaanza kukusifia ukubwa wa diski.

Kazi yangu ni kuandika programu, basi niwaambie kwa nini iligoma. Kila prosesa ina orodha ya amri inazozielewa. Mwaka 2013 Intel iliongeza fungu liitwalo AVX2, na baadhi ya gemu za siku hizi hutengenezwa kwa kudhani fungu hilo lipo. i7-2600 hailijui. Hapo hata ujaze RAM mpaka pomoni, kazi bure. Windows 11 nayo haiitambui rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Najua mtanijia juu: "Lakini ina viini vinne na nyuzi nane!" Ndiyo. Na i3-12100F ya 2022, hiyo i3 mnayoicheka, ina vinne na nane vilevile, na kila kiini chake kinaiacha mbali ile ya 2011. Ila angalieni hiyo F: maana yake haina grafiki ndani. Bila kadi, utakodolea skrini nyeusi.

Mwenye mfuko mwembamba, awe wa Likoni, Kisauni ama Changamwe, namshauri Ryzen 5 5600G ya 2021. Viini sita, grafiki imo ndani. Si ya kutambia, lakini gemu nyepesi utacheza leo kwa mipangilio ya chini, kadi ukanunue mwakani ukijaliwa, prosesa ibaki ileile. Tena ni ya wati 65, i7-2600 ni ya 95. Kwa joto letu hili na tokeni za stima, hesabu wewe.

Wenye maduka nimewasema, lakini mafundi wenzangu je? Tunaopeleka wateja, tukapokea kitu kidogo, tukanyamaza?

Kesho asubuhi navuka na kijana kwenda kudai abadilishiwe. Risiti yake nimeiona. Imeandikwa "i7", basi.