Disiki ya ordinatere: usiulize marke, uliza saa

Mtu akienda kununua disiki ya ordinatere ya nyumbani, hapa Lubumbashi, swali la kwanza ni lilelile: marke gani iko nguvu? Na muuzaji ana jibu tayari mdomoni: «Papa, hii ilitoka Bulaya, iko nguvu, beba tu.» Mimi nasema swali hilo halisaidii kitu, na jibu lake ndilo linatulisha hasara.

Marke zenyewe zimebaki chache. Disiki za kuzunguka, zile tunazoita disiki diri, leo zinatengenezwa na kampuni tatu tu duniani: Seagate, Western Digital na Toshiba. Jina lingine lolote likiandikwa juu ya kasha, ndani mnalala disiki ya mmoja wa hao watatu. Kuna kampuni ya Marekani, Backblaze, inayotunza data za watu ndani ya disiki zaidi ya laki mbili, na tangu 2013 inatangaza wazi ngapi zimekufa. Mwaka 2024 zilikufa 1,57 kwa mia. Ukisoma orodha yao polepole, unaona tofauti kubwa iko kati ya modeli na modeli. Seagate ya tera 3 ilikufa ovyo mpaka wakaitoa. Seagate ya tera 4 ikaendelea na kazi miaka mingi. Basi yule anayesema «marke fulani ni mbaya» anaongea tu.

Tena disiki zile zinakaa ndani ya nyumba yenye baridi, zimefungwa vizuri, umeme haukatiki. Kwetu mambo ni mengine. Ndani ya disiki kuna sahani zinazozunguka mara 5.400 ao 7.200 kwa dakika moja, na kichwa kidogo kinapita juu yake bila kugusa, kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele mara maelfu. Umeme ukikatika ghafla, disiki inatumia nguvu ya mzunguko uliobaki ili kukimbiza kichwa kando. Inafaulu, mara nyingi. Lakini haikutengenezwa ili ifanye hivyo kila jioni, na kile kilichokuwa kinaandikwa saa ile kinapotea. Kisha umeme unarudi kwa kishindo, unachoma kadi ya chini. Ndiyo maana naona ondilere ndogo ni sehemu ya bei ya disiki. Kuweka disiki ya bei kali kwenye mashini isiyo na ondilere ni kama kumvisha mtoto viatu vipya na kumtuma matopeni.

(Kwa njia hiyo: zile sahani zimepakwa tabaka jembamba la sumaku lenye kobalti ndani yake. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na sehemu kubwa inapita barabara zetu hizi juu ya malori. Inarudi kwetu ndani ya disiki ya okazyo, na tunailipia dola.)

Sasa, okazyo. Siikatai, maana si kila mtu ana pesa ya kitu kipya. Lakini disiki ina hesabu ndani yake kama kilometa za gari: inaandika saa zote ilizowahi kuwaka. Kuna programu ya bure, CrystalDiskInfo, inayozionyesha kwa dakika moja. Mwaka mmoja una saa 8.760. Ukikuta saa 40.000, hiyo disiki imekesha zaidi ya miaka minne na nusu, hata kama plastiki yake inang'aa. Angalia pia mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu za sahani zilizoharibika ao zinazotiliwa shaka: nataka kuona sifuri. Mstari wa C0 utakuambia mara ngapi umeme uliikatikia.

Ni kweli hesabu hiyo inaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025, waandishi wa Heise, nchini Ujerumani, walifichua disiki za Seagate zilizouzwa kama mpya kumbe zilishafanya kazi maelfu ya saa. Wadanganyifu walirudisha saa kwenye sifuri, ila walisahau hesabu ya pili iliyofichwa ndani. Kama Wajerumani walidanganywa madukani, sisi tutaponaje kwa kuamini neno «orijinali» tu? Muuzaji akikataa kuchomeka disiki kwenye mashini mbele yako, umshukuru na uende zako.

Na zile za SSD, zisizozunguka? Kwa kuwasha ordinatere ni bora kabisa: hazina kitu cha kutembea ndani, zinavumilia kutikiswa, na mashini ya zamani inafufuka. Lakini zikiwekwa kabatini miaka bila umeme zinaweza kusahau zilichobeba, kwa hiyo si sanduku la kumbukumbu. Jihadhari pia na zile za «tera 2» kwa bei ya kuku mmoja: nyingine zimedanganywa ndani, zinaonyesha tera 2 na kumbe zina giga 64. Faili zinaingia bila malalamiko, shida unaiona siku ya kuzifungua. Programu H2testw inajaza disiki nzima na kuisoma tena. Iache ifanye kazi usiku kucha mbele ya kuweka picha yoyote.

Hata ukifanya hayo yote, disiki inaweza kufa bila kuaga. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichunguza disiki zaidi ya laki moja, na kati ya zile zilizokufa, zaidi ya nusu hazikuwa zimetoa alama yoyote kubwa ya onyo. Kwa hiyo ninapoulizwa disiki gani ya kuaminiwa, najibu: hakuna, nunua mbili. Badala ya moja ya tera 2, chukua mbili ndogo zaidi, ikiwezekana za modeli tofauti na za siku tofauti. Fundi atakucheka kwamba unapoteza pesa. Mwache acheke. Yeye hana picha za matanga ya mama yako, na kazi ya mwisho wa masomo ya binti yako haitamsumbua ikipotea wiki mbili mbele ya kuitetea.

Na ya pili isikae pembeni ya ya kwanza. Mwizi anabeba zote, na maji ya mvua yakiingia hayachagui. Ipeleke kwa dada yako Katuba ao kwa mjomba Likasi, umwandikie juu yake «usifute», na kila ukienda kumsalimia uichukue, uongeze mapya, uichomeke uone kama bado inafunguka.