Filamu Nilizoangalia Mvua Hizi, na Bwana Harusi Aliyenikosesha Usingizi



Masika ilipokaza, cherehani yangu kubwa ikaharibika, na fundi akaniambia kifaa chake kinatoka Dar es Salaam, nisubiri. Nikabaki na kazi za mkono: kutia shanga, kupiga pindo, kubandika vifungo. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la vifungo nikaanza kuangalia filamu, moja baada ya moja, za kila aina. Mie si mtaalamu wa sinema. Nimemaliza kidato cha nne, nikasomea ushoni, na tangu hapo ni mkasi na futi. Kwa hiyo hapa sitoi maksi. Nasema tu nilichokiona, na kila filamu nilijikuta naangalia kitu kimoja: mume anavyosema na mkewe.

Sababu ninayo. Kabla ya mvua alikuja binti mmoja kupimwa gauni la harusi, yeye, khaloo yake na mchumba. Kila nikimuuliza binti, anajibu mchumba. Mikono iwe ya lesi au ya kitambaa? "Mtilie lesi." Kiuno kibane au kiachie? "Huyu hajui anachotaka, fundi. We nisikilize mie." Akacheka, khaloo akacheka, binti naye akacheka. Na mie nikacheka huku naandika vipimo. Hicho kicheko changu ndicho kilichonikosesha usingizi.

Filamu ya kwanza niliitiwa kwenye flashi na mteja, akaniambia hii ya watu wa kazi yako. Inaitwa Phantom Thread, ya mwaka 2017, inahusu mshonaji magauni wa matajiri pale London miaka ya 1950. Kwa upande wa ushoni nimeshiba. Yule muigizaji, Daniel Day-Lewis, alijifunza kushona kweli kabla ya kuicheza, na inaonekana kwenye vidole anavyoishika sindano. Kuna mahali gauni la harusi la binti wa kifalme linaharibika, na mafundi wanakesha usiku kucha kulitengeneza. Hapo nilisimamisha filamu nikanywa maji, maana usiku wa namna ile nimeshaupitia. Na mteja mmoja analewa kwenye harusi yake, fundi analifuata gauni lake mpaka livuliwe. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Lakini mume yule! Mkewe akipaka siagi kwenye mkate asubuhi, ile sauti tu inamuudhi. Nyumba nzima inyamaze yeye afikiri. Mwisho mke anamlisha uyoga wenye sumu ili augue kidogo, amhitaji. Watu wanasema ni filamu ya mapenzi. Mie sikuyaona. Niliona watu wawili walioshindwa kusemeshana mpaka mmoja akaona heri sumu. Tena tumepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo zake mwenyewe nyumbani na kuwasaidia ahali zake, wala hakuna aliyetakiwa ashushe pumzi ili yeye apate nafasi.

Ya pili ni ya Kihindi, na hii ndiyo iliyonitoa machozi mpaka nikachoma kidole. English Vinglish, ya mwaka 2012. Ndiyo iliyomrudisha Sridevi baada ya kama miaka 15 nje ya sinema, na aliyeiongoza, Gauri Shinde, aliitunga akimfikiria mama yake mzazi, aliyekuwa akifanya biashara ya achari na Kiingereza hakikuwa kizuri. Sridevi ni Shashi, mama wa nyumbani anayepika laddu na kuziuza. Hajui Kiingereza, na mumewe na binti yake wanamcheka. Hawampigi, hawamnyimi kitu. Wanamcheka tu, kila siku kidogo, mezani. Anakwenda New York kusaidia harusi ya mpwa wake, anajiandikisha kwa siri darasa la Kiingereza la wiki nne. Pale darasani kuna mpishi Mfaransa anampenda, naye anamshukuru kwa heshima na anabaki na ndoa yake. Hilo nimelipenda sana. Na mumewe, siku ya harusi, mbele ya wageni, anasema mkewe amezaliwa kwa ajili ya kutengeneza laddu. Anasema kwa mahaba kabisa! Anadhani anamsifu.

Mume wangu, Mungu amhifadhi, ni mtu mwema. Lakini miaka ya mwanzo wageni wakimuuliza mkeo anafanya nini, alikuwa akijibu, "Aa, anashonashona tu pale nyumbani." Hizo za kushonashona ndizo zilizolipa ada ya watoto mwaka aliokosa kazi. Sikuwahi kumwambia kitu. Wiki ile nilipoiona filamu, nikamwambia. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa, akasema hakujua kama niliyasikia. Kumbe alijua amesema. Kwa siku mbili nyumba ilikuwa nzito, sifichi.

Nikajaribu na ya kutisha, A Quiet Place. Kuna madudu hayaoni ila yanasikia, ukitoa sauti umekwisha, na mama ana mimba. Uchungu unamshika, inabidi ajizuie asipige ukelele. Aliyezaa atanifahamu kwa nini niliangalia nimejifunika kanga usoni. Baba na mama wale ni mume na mke kweli nje ya filamu, John Krasinski na Emily Blunt, na binti yao kiziwi amechezwa na mtoto kiziwi kweli. Familia ile hutamka neno kwa nadra, wanasemeshana kwa mikono, na bado baba anamwambia binti yake anampenda na mke anasikilizwa kuliko wengi tunaopiga kelele. Lakini sirudii. Roho yangu ndogo.

Ya nyumbani nayo niliirudia, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka katika riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ina vipande hutotaka kuviangalia ukiwa na mkweo, basi jua hivyo. Wengi wanaisifu kwa siasa za kudai uhuru na kwa sura ya Mji Mkongwe. Mie niliganda kwa Yasmin, aliyeozwa kwa mzee bila kuulizwa, akakimbia. Wapo watakaosema ni filamu ya kuwafundisha watoto wa kike ukaidi. Siafiki. Sheria yetu inamtaka binti aulizwe, na aliyekuwa bikira kimya chake huhesabiwa ridhaa kwa kuwa ana haya, si kwa kuwa kuna mtu amemziba mdomo.

Basi juzi yule binti alirudi kujaribu gauni, na khaloo yake tu. Mchumba alipiga simu wakati nimepiga magoti nabana pini, akataka niwekwe kwenye spika aniambie urefu wa mkia. Nikamwambia, baba, mikono yangu imejaa pini, na hapa huingia sauti ya anayevaa. Khaloo akanitolea macho. Pengine nimempoteza mteja, maana ana mabinti wengine wawili.

Nikakata simu nikamuuliza binti mkia auone wapi. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Akasema hautaki mkia kabisa, na ile lesi ya mikononi inamwasha, tangu siku ya kwanza. Nikachukua mkasi nikaanza kuifumua.