Bwawa la Mtu Mmoja, Msiba wa Wengi

Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, bwawa la udongo lililokuwa ndani ya shamba la mtu binafsi lilipasuka. Watu wasiopungua 47 walipoteza maisha, wakiwamo watoto wengi.

Kila bwawa linapopasuka hawakosi watu wa kusema kwamba mvua ndiyo iliyoua. Kauli hiyo haina budi kupingwa. Mvua hujaza bwawa. Uzembe wa binadamu ndio unaolipasua.

Tabia za bwawa la udongo zinajulikana. Udongo si zege: maji yakipita juu ya tuta huukata upesi, na tuta zima huenda. Ndiyo sababu bwawa lazima liwe na utoro wa kupunguzia maji ya mafuriko, ulio mpana na usiozibwa. Aidha, maji hupenya ndani ya tuta. Yakichuruzika chini yake yakiwa maangavu, yaangaliwe. Yakitoka na tope, basi yanazoa udongo wa ndani, na hapo wa bondeni wahamishwe mara moja. Mizizi ya miti mikubwa na mashimo ya wanyama huyafungulia maji njia hiyo.

Somo hili si geni. Tarehe 31 Mei, 1889, huko Marekani, lilipasuka bwawa la South Fork, mali ya klabu ya matajiri. Mabomba ya kutolea maji yalikwisha kuondolewa, wala klabu haikuyarudisha. Kilele cha tuta kilipunguzwa ili magari ya farasi yapite, na utoro ukawekewa wavu ili samaki wasitoroke. Samaki walilindwa, katika mji wa Johnstown na vitongoji vyake walikufa watu 2,209. Klabu haikushindwa hata kesi moja.

Sasa twaambiwa kwamba bwawa la mtu ni mali yake, asiingiliwe. Ni kweli, maji ni yake yangali nyuma ya tuta. Yakishateremka huwa ya nani? Faida ameivuna mwenye shamba, hatari ameibeba mkulima wa bondeni ambaye hakuulizwa lolote. Mali ya namna hiyo haiwezi kuwa siri ya mwenyewe.

Kwa hiyo kila bwawa, hata liwe dogo, liandikishwe, lichorwe na mhandisi, na likaguliwe kabla ya masika. Afisa anayetia sahihi bila kulipanda tuta kwa miguu yake anashiriki katika kosa. Mwalimu naye awafundishe wanafunzi na wazazi wao dalili za hatari, kwani anayeishi chini ya tuta ndiye mkaguzi wa kila siku.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini huko Solai, yaliyobaki kujengwa yalikuwa makaburi.