SIMU YA MKULIMA SI SHAMBA LA BEPARI



Wiki mbili zilizopita alifika ofisini kwetu kijana mmoja mwenye viatu vizuri na maneno matamu. Anatoka kampuni moja ya pembejeo. Hakuja kuuza kitu. Aliomba orodha ya wanachama wetu pamoja na namba zao za simu. Tukimpa, ataleta meza mbili za ofisi na saa ya ukutani. Wajumbe wengine wamesema, "Namba tu jamani, hasara yake nini?" Jambo hili litaletwa kwenye mkutano mkuu Jumamosi. Mimi nasema mapema, tena kwa maandishi: TUSIMPE.

Kila mtu hapa anazijua simu za mashine. Upo shambani, simu inalia, unaweka jembe chini, unafuta mkono, unapokea. Kumbe hakuna mtu! Ni sauti ya dada iliyorekodiwa. Haisalimii, haiulizi habari za nyumbani, na ukiiambia una kazi haisikii. Eti bonyeza moja upate nyimbo, bonyeza moja ushinde pikipiki. Ukikata leo, kesho inakuja kwa namba nyingine.

Mzee wetu mmoja alibonyeza moja. Alidhani ni habari za mbolea. Tangu siku hiyo salio lake likawa linakatwa shilingi 100 kila siku, naye hana habari. Usiku mmoja ng'ombe wake wa maziwa akashindwa kuzaa. Mzee akataka kumpigia bwana mifugo, simu ikamwambia salio halitoshi. Vocha ya shilingi 1,000 aliiweka siku kumi nyuma na hakupiga hata mara moja. Akachukua tochi, akaenda kumgongea jirani. Bwana mifugo alipofika ndama amekwisha kufa. Sisemi simu ndiyo iliyomuua ndama. Nasema zile shilingi zilikuwa za mzee, alizitunza kwa ajili ya usiku kama ule, na mtu asiyemjua akazichukua bila hodi. Mtu wa namna hiyo tangu zamani tunamwita kupe.

Wako wanaosema, "Si usipokee namba usiyoijua?" Hayo ni maneno ya mtu asiyelima. Tangu msimu wa 2022/2023 tunajiandikisha kwa mbolea ya ruzuku, na ujumbe wake unakuja kwenye simu. Mnunuzi wa viazi kutoka Uyole anapiga kwa namba ngeni. Mwalimu wa mtoto aliyeko bweni anapiga kwa namba ngeni. Leo simu ni chombo cha kazi kama jembe. Huwezi kumwambia mkulima afiche jembe kwa sababu wezi wamezidi. Mwambie mwizi aache.

Tena sisi tulitii. Tulipoambiwa tusajili laini kwa alama za vidole tulipanga foleni, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Kama mkulima anajulikana mpaka kidole chake, na anayempigia ajulikane!

Sasa nirudi kwenye orodha. Namba ikishatoka ofisini hairudi. Leo anayo kampuni ya pembejeo, kesho anayo mkopeshaji, keshokutwa anayo tapeli. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nani hajaupata? Taarifa za TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, zimekuwa zikitaja mkoa wa Rukwa na Morogoro kwamba zinaongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Rukwa ni jirani zetu, wala si ng'ambo. Tapeli anayekubahatisha utamcheka. Lakini tapeli anayekuita kwa jina, anautaja ushirika wako na magunia uliyopeleka ghalani, huyo utamwamini. Na hayo yote yamo kwenye orodha yetu.

Ndugu zangu, msidhani hatuna sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumpelekea mtu matangazo ya biashara ambayo hakuyaomba. Lazima kwanza awe amekubali, anayetangaza ajitaje tangu mwanzo aseme na shida yake, na aweke njia ya kumkataa. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hiyo inakupa haki ya kudai taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara, na imeunda Tume ya kusikiliza malalamiko. Kwa hiyo hatuombi fadhila. Tunadai kilicho chetu.

Taabu ni kwamba mashine inapiga watu maelfu kwa siku moja, lakini mlalamikaji anakwenda mmoja mmoja, na kwa shilingi 100 nani atafunga safari? Kupe anategemea hilo. Hata Marekani, nchi ya mabepari wenyewe, waliona haiwezekani. Mwaka 1991 walitunga sheria ya kuzibana simu za mashine, na mwaka 2003 wakafungua daftari la taifa la watu wasiotaka kupigiwa matangazo. Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire walipigiwa simu yenye sauti iliyoigizwa na kompyuta, kama ya Rais Biden, ikiwaambia wasiende kupiga kura ya mchujo. Mwezi uliofuata wenye mamlaka wakatamka kwamba sauti za kuigizwa nazo zinabanwa na sheria ile ile. Matapeli hawajakwisha kule, lakini mwenye duka halali anajua mpaka wake.

Basi napendekeza Jumamosi tuamue hivi:

1. Orodha ya wanachama isitolewe kwa mfanyabiashara yeyote. Mwenye tangazo alilete kwa karatasi, tutalibandika hapa ukutani, atakayependa atampigia mwenyewe.

2. Malalamiko yetu yaandikwe kwa pamoja, kila mtu na tarehe, saa na namba iliyompigia, katibu wa ushirika ayapeleke TCRA na kwenye Tume. Ujumbe wa kitapeli tuupeleke namba 15040.

3. Tumwambie Mbunge wetu tunataka kukubali kuwe kukubali kweli: kabla shilingi haijakatwa, mtu aulizwe kwa maandishi ya Kiswahili, ajibu ndiyo. Asiyejibu amekataa.

Wengi wetu tulijifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima. Tulikwenda pale ili tusitie tena dole gumba kwenye karatasi tusiyoijua. Kubonyeza moja kwa sauti usiyoijua ni kutia dole gumba. Na kutoa orodha ni kuwatilia wenzako wote dole gumba bila kuwauliza.

Meza mbili tutazichonga wenyewe. Mbao tunazo.

Njooni wote Jumamosi saa nne. Asiyefika asilalamike simu ikilia.

Ushirika ni mali ya wanachama!
Kidumu Chama cha Mapinduzi!

Katibu wa Tawi