Kabla ya Kununua Vifaranga

Wengi wetu hapa Perry Barr tuna jamaa Mombasa, Morogoro au Kampala wanaofuga kuku wa mayai, na tumewahi kuombwa tuchangie mradi. Kwa kawaida mchango huishia kwenye vifaranga na banda. Sisi tunaona kwamba ungetengwa kwanza kwa ajili ya chakula, hasa madini yake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Kwa kuwa mwili wa kuku hauchukui yote anayokula, anahitaji karibu gramu 4 kwa siku. Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti haviwezi kumpa kiasi hicho. Ndiyo maana katika kila kilo 100 za chakula cha kuku wanaotaga huchanganywa kilo 8 au 9 hivi za chokaa ya mifugo, pamoja na mifupa iliyosagwa kwa ajili ya fosforasi.

Mfugaji aliyeishiwa fedha hupunguza hapo, kwa sababu hasara haionekani upesi. Kuku huendelea kutaga huku akichota kalsiamu mifupani mwake. Baadaye maganda huwa membamba, mayai hupasuka kabla ya kufika sokoni, na kuku mwenyewe hudhoofika miguu. Chokaa ya siku hiyo imechelewa: ng'ombe hanenepi siku ya mnada.

Wapo watakaosema kuku wa kienyeji hanunuliwi chokaa, na kiini cha yai lake kimekolea manjano. Lakini rangi ya kiini hutokana na majani na mahindi ya njano, wala haihusiani na chokaa. Tena kuku huyo hutaga machache, kisha huatamia na kupumzika. Kuku wa kisasa anaweza kutaga mayai 300 kwa mwaka. Aliyemfuga kwa ajili ya mayai hayo ana wajibu wa kumlisha ipasavyo.

Kuku huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, wakati ambao fedha za mradi mara nyingi zimekwisha. Basi tukiombwa mchango, tuulize kwanza: chakula cha kutagia kimetengewa fedha? Kama zinatosha kuku 100 tu, wafugwe 100 wanaoshiba, wasifugwe 200 wanaojila mifupa.