Jini gani hili lenye nywele na meno?

Leo sina habari za makontena wala bei za vitenge hapa Guangzhou. Nina ugomvi.

Tangu juzi nasikiliza jumbe za sauti za familia. Binti alikuwa mzima kabisa, ghafla halali, anaongea peke yake, anakakamaa, mdomo unachezacheza. Majibu yenu? "Kapandisha." "Karogwa." Shangazi zangu, shikamooni, lakini hapa sikubaliani nanyi hata kidogo!

Upo ugonjwa wenye dalili hizohizo. Mwaka 2007 Dkt. Josep Dalmau na wenzake waliandika kuhusu wanawake 12 ambao kingamwili zao zilikuwa zinashambulia ubongo. Wote walikuwa na uvimbe uitwao teratoma, 11 kati yao kwenye ovari. Uvimbe huo huweza kuota nywele, meno, hata nyama kama ya ubongo (najua mganga akiuona atapandisha bei!). Mwili unaupiga vita, kumbe silaha zilezile zinageukia ubongo wenyewe. Saratani nyingine nazo hufanya mchezo huu, hasa aina moja ya saratani ya mapafu: mishipa ya fahamu inaharibika hata kabla uvimbe haujaonekana.

Na hutibika. Uvimbe unatolewa, mgonjwa anapewa dawa za kutuliza kinga. Utafiti wa mwaka 2013 uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 500 ulionyesha takriban 8 kati ya 10 walikuwa na hali nzuri baada ya miezi 24. Ila anayecheleweshwa hupona kwa shida, wengine hufa. Wiki tatu kwa mganga si kitu kidogo!

Msidhani huku hawajui mapepo. Wachina wana neno lao, zhongxie, mtu aliyeingiliwa. Anayetaka dua asome, mimi mwenyewe nitaitikia amina, lakini asome pembeni ya kitanda cha hospitali.

Sisemi kila anayeweweseka ana ugonjwa huu. Malaria ya kichwani nayo huleta hivyo, ndiyo maana apimwe leo. Kipimo cha kingamwili, cha maji ya uti wa mgongo, ni ghali na hakipatikani kila mahali. Lakini altrasaundi ya tumbo ipo hospitali nyingi. Mwambieni daktari aangalie ovari, aulizwe waziwazi, msione aibu kwa kuwa binti hajaolewa.

Pesa ya mbuzi mweusi situmi. Ya altrasaundi na nauli nimeshatuma, mama mdogo aangalie simu yake.