Jante Yenye Kubambuka Inakata Vidole



Hapa Bukavu mvua na matope haviachii jante za gari. Maji yakipenya katika ufa wa kromu, chuma cha ndani kinashika kutu. Kutu inavimba, inainua kromu mpaka inabambuka. Vipande vyake vinakata kama wembe, nao watoto wanaoosha magari kando ya Ziwa Kivu wanavishika mikono mitupu! Kosa naona ni la mwenye gari, si la mtoto.

Pepopunda haitoki katika kutu yenyewe bali katika udongo na mavi ya wanyama. Aliyekatwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni, kisha aje dispanseri apate sindano. Asidi ya batri kwa kung'arisha jante, hapana: inaunguza macho. Mwenye gari avae ganti, akwangue mwenyewe, apake rangi.